Rimoti ya milango kwenye Corolla ya zamani: pima kwanza, unganisha baadaye

Swali: "Nina Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, iliyotoka Japani na kuingia Dar es Salaam ikiwa imetumika. Ina senta loki: nikizungusha ufunguo kwenye mlango wa dereva, milango mingine mitatu inajifunga yenyewe. Nimenunua Kariakoo seti ya rimoti yenye boksi dogo jeusi, rimoti mbili, nyaya nyingi za rangi mbalimbali na karatasi yenye michoro mitatu ambayo siielewi. Fundi wa kwanza aliniambia nikijaribu mwenyewe nitaunguza gari zima. Wa pili akasema ni kazi ya nusu saa, rangi kwa rangi. Jirani yangu anasema rimoti humaliza betri. Kaka yangu anasema nikishaiweka, gari haliibiki tena. Niliwahi kubadilisha redio ya gari mwenyewe na haikuleta shida. Je, nifanye mwenyewe au nimpe fundi?"

Ndugu muulizaji, wasiwasi wako unaeleweka, kwa sababu umepewa majibu manne na watu wanne, na katika kila jibu mna ukweli kidogo ulioshikwa upande mmoja. Jibu langu ni kwamba kazi hii unaiweza kwa gari la aina hiyo, mradi usikate wala kuchuna waya wowote kabla ya kuupima, na mradi ukubali kusimama pale vipimo vitakapokuambia usimame. Aliyewahi kubadilisha redio ya gari anajua kufungua dashibodi bila kuvunja vibanio vyake. Kinachobaki ni multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, msaidizi mmoja, na siku nzima ambayo huna safari. Nusu saa aliyoitaja fundi wa pili ni muda wa mtu aliyekwisha kufanya magari mengi ya namna hiyo na anayejua kila waya unapopita.

Tuanze na boksi lenyewe, maana hofu nyingi hutokana na kutojua linafanya nini. Ndani yake mna kipokezi cha mawimbi ya redio na relei mbili, moja ya kufunga milango na moja ya kuifungua. Relei ni swichi inayobonyezwa na sumaku ya umeme badala ya kidole cha mtu. Ukibonyeza rimoti, kipokezi hutambua msimbo wake, relei hubana kwa muda mfupi usiozidi sekunde moja hivi, kisha huachia. Boksi halisukumi vyuma vya milango kwa nguvu zake, wala halina haja ya kuzungumza na kompyuta ya injini. Gari lako tayari linajua kujifunga. Boksi linaiga tu kile ambacho ufunguo hukifanya unapozungushwa mlangoni.

Hapo kwenye kuiga ndipo penye siri ya kazi yote. Unapozungusha ufunguo kwenye mlango wa dereva, unagusa swichi ndogo iliyo ndani ya mlango. Katika magari mengi ya Toyota ya kipindi hicho, swichi hiyo haipeleki umeme moja kwa moja kwenye mota za milango, bali hupeleka amri kwenye kidhibiti cha milango, na kidhibiti ndicho kinachopeleka umeme mwingi kwenye mota. Kwa hiyo katika fungu moja la nyaya, linalotoka mlangoni na kuingia chini ya dashibodi, utakuta nyaya za aina mbili zinazopita bega kwa bega: nyaya za amri, ambazo ni nyembamba na hubeba umeme mdogo sana, na nyaya za mota, ambazo ni nene kidogo na hubeba ampea kadhaa kwa kufumba na kufumbua. Rimoti inatakiwa kuungana na nyaya za amri. Fundi wa kwanza alikuwa na sababu ya kukuonya, kwa kuwa anayechanganya nyaya hizi mbili ndiye anayeunguza gari.

Michoro mitatu iliyo kwenye karatasi yako si hatua tatu za kazi moja, kama wengi wanavyodhani. Ni njia tatu tofauti kwa magari ya aina tatu, nawe utatumia mmoja tu. Wa kwanza ni wa magari ambayo amri yake ni hasi: waya wa amri ukiguswa na bodi ya gari, ambayo mafundi huiita ethi, milango inajifunga. Magari mengi ya Kijapani yako hapa. Wa pili ni wa magari ambayo amri yake ni chanya: waya wa amri ukipata volti 12, milango inajifunga. Wa tatu ni wa magari yasiyo na kidhibiti, ambapo swichi yenyewe hulisha mota moja kwa moja kwa kugeuza chanya na hasi. Wakati wa kupumzika nyaya zote mbili za mota hukaa kwenye ethi kupitia swichi, na ili kuweka rimoti ni lazima zikatwe na relei ziingizwe katikati. Mchoro huu wa tatu ndio mgumu kuliko yote, na kama gari lako lingekuwa la namna hiyo ningekushauri umpe fundi bila kusita.

Sasa utajuaje lako ni lipi? Kwa gari la usukani wa kulia, paneli ya kufungua ni ile ya plastiki iliyo chini kabisa, kulia kwa pedali ya mafuta, pale mguu wako unapoegemea ukiendesha. Ikishatoka, utaona fungu la nyaya linaloingia kutoka mlangoni kupitia mpira mweusi wenye mikunjo, na kwa kawaida soketi moja au zaidi zilizobanwa karibu na hapo. Weka multimita kwenye kipimo cha volti za umeme wa moja kwa moja, alama ya 20. Ncha nyeusi ibanwe kwenye bolti isiyo na rangi iliyoshikwa kwenye chuma cha bodi. Ncha nyekundu iunganishwe na sindano nyembamba inayoingizwa kwa nyuma ya soketi, sambamba na waya, hadi iguse chuma cha ndani. Usitoboe ganda la waya, kwa sababu tundu hilo dogo ndilo litakalopitisha unyevu baada ya miezi michache. Betri iwe imeunganishwa, ufunguo usiwe kwenye usukani, na msaidizi wako asimame nje ya mlango wa dereva.

Mwambie azungushe ufunguo upande wa kufunga, auache urudi katikati, kisha arudie, polepole, huku wewe ukihama kutoka waya mmoja hadi mwingine. Unatafuta waya ambao wakati wa kupumzika unasoma karibu volti 12, au wakati mwingine karibu volti 5, halafu unashuka hadi sifuri pale tu ufunguo unapokuwa umepinda, na kurudi juu ufunguo unaporudi katikati. Huo ni waya wa amri ya hasi ya kufunga. Mwenzake wa kufungua utafanya vivyo hivyo upande wa pili wa ufunguo. Angalia hapo kwenye kurudi, kwa sababu ndipo watu wanapoteleza: kuna waya mwingine unaobadilika wakati wa kufunga lakini unabaki umebadilika hadi milango ifunguliwe tena. Huo huliambia gari kitasa kiko katika hali gani. Hautoi amri, na ukiunganisha rimoti hapo utapata milango inayofanya mambo yasiyoeleweka.

Ukipata waya unaosoma sifuri wakati wa kupumzika na kupanda hadi volti 12 wakati wa kufunga, usifurahi haraka ukasema ni amri ya chanya. Huenda umeshika waya wa mota, maana mota nazo, hata katika gari la amri ya hasi, hukaa kwenye ethi zinapopumzika na kupata volti 12 zinapofanya kazi. Multimita kwenye volti haiwezi kukutofautishia hizi mbili. Chomoa betri, hamia kwenye kipimo cha omu, yaani cha ukinzani wa umeme, na upime kati ya waya huo na ethi. Ukisoma sifuri au karibu kabisa na sifuri, waya huo umelala moja kwa moja kwenye ethi, na kuupelekea volti 12 ni sawa na kugusanisha pande mbili za betri. Ukisoma makumi ya omu, kwa mfano 80, basi mbele yake kuna koili ya relei, yaani waya uliozungushwa wa sumaku yake, na hapo ndipo unaweza kuzungumzia amri ya chanya.

Gari moja lililoletwa kwangu lilikuwa limepita katika kosa hilo hilo. Aliyeunganisha alikuta volti 12 kwenye waya wa mota, akatumia mchoro wa pili, na fyuzi ya ampea 10 iliyokuja na seti ikakatika mara ya kwanza alipobonyeza rimoti. Akaweka nyingine, nayo ikakatika. Badala ya kujiuliza fyuzi inamwambia nini, akaweka ya ampea 30. Nilipofungua paneli nilikuta ganda la waya limeyeyuka kwa urefu wa kama mkono hadi kiwiko na kugandana na nyuzi za mkeka, shaba ikiwa wazi, umbali wa kidole kimoja kutoka kwenye waya wa taa za breki za nyuma, maana waya wa swichi ya breki hupita jirani na hapo. Mwenye gari alikuja kwa sababu taa za breki zilikuwa zinawaka bila kukanyagwa. Fyuzi inayokatika inakupa taarifa, na taarifa hiyo haibadilishwi kwa kuweka fyuzi kubwa zaidi.

Ukishapata waya unaoonyesha dalili zote za amri ya hasi, kuna jaribio moja la kuthibitisha kabla ya kuunganisha chochote. Chukua kipande cha waya mwembamba chenye kishikio cha fyuzi ya ampea 1, upande mmoja ubane kwenye ethi, na upande wa pili uguse ile sindano kwa muda mfupi sana. Milango ikijifunga, umefika. Fyuzi ikikatika, umekosea waya, na hasara yako ni fyuzi moja. Usitumie taa ya majaribio, ile ya balbu ambayo mafundi wengi hutembea nayo mfukoni, kwa kazi ya kutafuta waya usioujua: balbu hiyo huvuta umeme mwingi kuliko baadhi ya saketi za kielektroniki zinavyoweza kuvumilia. Na waya wowote uliofungwa kwa ganda la njano, au soketi ya njano, usiguse kwa kifaa chochote kile, maana rangi hiyo hutumika kwa mifuko ya hewa ya ajali.

Kabla ya kuendelea, fanya uchunguzi mwingine rahisi ambao hauhitaji hata kufungua paneli. Kaa ndani ya gari, bonyeza swichi ya senta loki iliyo mlangoni, na utazame kitasa cha mlango wa dereva. Kikisogea chenyewe pamoja na vingine, mlango wa dereva una mota yake na rimoti itaufunga. Kisiposogea, mlango huo una swichi tu bila mota, na rimoti itafunga milango mitatu huku ule ulio muhimu kuliko yote ukibaki wazi. Hilo hutibika kwa kuongeza mota ndogo ya nyaya mbili ndani ya mlango wa dereva, ila sasa kazi inakuwa kubwa zaidi, kwa sababu utavua ngozi ya mlango, utafunga fimbo ya chuma kwenye mfumo wa kitasa, na utapitisha nyaya kwenye ule mpira wenye mikunjo bila kuuchana.

Kuhusu ushauri wa rangi kwa rangi, naomba uuweke kando kabisa. Rangi za nyaya za seti yako zimechaguliwa na kiwanda kilichotengeneza seti, na rangi za gari zimechaguliwa na Toyota. Hakuna makubaliano kati yao. Hata seti mbili zinazofanana boksi kwa nje zinaweza kutofautiana rangi. Tumia karatasi ya seti kujua kila waya wa seti unafanya kazi gani, na tumia multimita kujua kila waya wa gari unafanya kazi gani. Kwa amri ya hasi, nyaya tatu za relei ya kufunga zitagawanyika hivi: ule wa katikati, unaohama, uende ethi; ule ambao haugusani na chochote wakati wa kupumzika uende kwenye waya wa amri ya kufunga wa gari; na ule wa tatu ufungwe mwisho wake kwa tepu na uachwe. Relei ya kufungua ifanyiwe vivyo hivyo kwenye waya wa amri ya kufungua.

Umeme wa kulisha boksi unahitaji waya wenye chanya wakati wote, hata gari likiwa limezimwa, na fyuzi iwekwe karibu na pale unapochukulia umeme, si karibu na boksi. Sababu ni kwamba fyuzi hulinda waya ulio mbele yake. Kipande kilicho kati ya chanzo na fyuzi hakina mlinzi. Watu wengi huchukua umeme kwenye waya wa kumbukumbu ya redio, na kwa boksi pekee ungetosha, lakini ukiunganisha pia nyaya mbili za seti zinazomulisha indiketa za gari hesabu hubadilika. Balbu nne za wati 21 na mbili za pembeni za wati 5 ni jumla ya wati 94, yaani karibu ampea 8 kila zinapomulika. Chukua umeme kwenye boksi la fyuzi, kwenye mstari mnene wa kutosha, na utumie ukubwa wa fyuzi ulioandikwa kwenye seti.

Kabla ya kuanza kuunganisha, chomoa upande wa hasi wa betri kwanza, kisha subiri. Vitabu vya mafundi vya Toyota huagiza angalau sekunde 90 kwa magari yenye mifuko ya hewa, ili umeme uliobaki kwenye mfumo huo uishe. Viungio vyako vichomewe kwa solda, vifunikwe kwa mirija inayonywea kwa joto, na vifungwe kwenye fungu la nyaya ili visitikisike. Kusokota nyaya na kuzungushia tepu ni jambo linaloshika siku ya kwanza na kukusumbua baadaye. Kwetu huku pwani hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na shaba iliyo wazi hugeuka kijani. Nimefungua viungio vya namna hiyo katika magari ya Dar es Salaam na kukuta chini ya tepu pamebaki unga wa kijani na nyuzi mbili tatu za shaba zinazobeba kazi ya waya mzima. Milango ya gari kama hilo hujifunga asubuhi na kukataa mchana.

Boksi lenyewe lifungwe juu, nyuma ya dashibodi, mbali na pedali na nguzo ya usukani, na mbali pia na sanduku la kipozahewa ambako maji hudondoka. Ule waya mmoja mwembamba usiounganishwa popote ni antena; mara nyingi urefu wake ni karibu sentimita 17, ambao ni robo ya wimbi la megahezi 433.92 linalotumiwa na seti nyingi zinazouzwa kwetu. Usiukate kwa kudhani umezidi, usiukunje, na usiubane kwenye chuma. Unyooshe, uache uning'inie.

Kuna waya ambao watu huuacha kwa kuuona hauna maana, nao ni ule wa swichi ya mlango, ile pini inayowasha taa ya ndani mlango unapofunguliwa. Seti nyingi zina tabia ya kujifunga zenyewe baada ya muda, mara nyingi sekunde 30, ikiwa umefungua kwa rimoti lakini hakuna mlango uliofunguliwa. Nia yake ni njema: kama umebonyeza kwa bahati mbaya ukiwa ndani ya nyumba, gari halibaki wazi. Lakini boksi hujua mlango umefunguliwa kwa kupitia waya huo tu. Usipouunganisha, utafungua gari, utatupa funguo kwenye kiti, utafunga mlango ili uzunguke kuchukua mzigo, na boksi, likiamini hakuna aliyeingia, litakufungia nje. Wengi waliojifungia nje kwa sababu ya rimoti walifungiwa hivyo hasa. Nisingeliandika kwa urefu kama ingekuwa ni usumbufu tu. Wakati mwingine aliyebaki ndani ni mtoto, na gari lililofungwa vioo kwenye jua la Dar es Salaam hupanda joto hadi la hatari kwa dakika chache. Unganisha waya huo, au kama seti yako inaruhusu, zima tabia hiyo ya kujifunga. Vilevile unganisha waya wa swichi ya ufunguo, ili rimoti isifanye kazi injini ikiwa inaendeshwa.

Jirani yako ana haki kiasi. Boksi husikiliza mawimbi muda wote, na kusikiliza kunakula umeme, lakini kidogo: tuseme miliampea 20. Kwa siku nzima hiyo ni karibu ampea-saa 0.5, na betri ya ampea-saa 45 iliyo nzima ingechukua miezi mitatu hivi kumalizwa na boksi peke yake. Bila shaka gari lingekataa kuwaka mapema zaidi, kwa kuwa kuna saa na redio zinazovuta pia, lakini kwa gari linaloendeshwa kila wiki hutaona tofauti. Betri inayokufa kwa usiku mmoja baada ya kuweka rimoti ina sababu nyingine: relei iliyonasa, taa ya ndani isiyozima, au betri iliyokuwa mgonjwa kabla. Ukimaliza kazi, weka multimita kwenye kipimo cha ampea kati ya hasi ya betri na waya wake, milango ikiwa imefungwa, usubiri dakika chache, na usome. Chini ya miliampea 50 kwa gari zima ni sawa.

Kwa kaka yako, sikubaliani naye, na ningependa uliamini hili kabla hujalaza gari barabarani. Rimoti hufungua na kufunga milango. Haizuii injini kuwaka. Kinachozuia injini ni mfumo tofauti unaosoma chipu iliyo ndani ya kichwa cha ufunguo. Nchini Uingereza, kwa mfano, magari mapya yalilazimishwa kuwa nao kuanzia Oktoba 1998. Kama ufunguo wako ni chuma kitupu kisicho na chipu, rimoti haitabadilisha hilo.

Tena rimoti yenyewe inaweza kuwa dhaifu kuliko kitasa chako. Seti za bei ya chini kabisa hutuma msimbo ule ule kila mara, na mwenye kifaa cha kurekodi mawimbi huurekodi mara moja na kuurudisha baadaye. Baadhi ya chipu za zamani, zenye miguu minane ya kupangia msimbo na hali tatu kwa kila mguu, zina michanganyiko 6,561 tu kwa jumla. Tafuta seti iliyoandikwa kwenye boksi maneno "rolling code" au "hopping code", yaani msimbo unaobadilika kila unapobonyeza. Mmoja wa misimbo ya namna hiyo iliyoenea sana, KeeLoq, ulibuniwa Afrika Kusini miaka ya 1980 katika kampuni ya Nanoteq na kununuliwa na Microchip ya Marekani mwaka 1995. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr mjini Bochum, Ujerumani, walionyesha kwamba nao unaweza kuvunjwa na mwenye ujuzi na vifaa, hivyo sikuambii ni ukuta usiobomoka, lakini tofauti yake na msimbo usiobadilika ni kubwa mno. Na kuna wizi usiohitaji kuvunja msimbo wowote: mtu husimama karibu na maegesho na kuvuruga mawimbi unapobonyeza, nawe huondoka ukiamini umefunga. Dawa yake haina gharama. Kila unapofunga, vuta kitasa kwa mkono.

Kabla hujatumia seti uliyonunua, nakuomba uangalie jambo moja. Magari mengi yaliyotoka Japani yalikuja na kipokezi cha rimoti cha kiwandani, na kilichopotea njiani ni rimoti yenyewe. Mwulize fundi wa funguo anayefahamu Toyota akuangalizie. Gari lako likiwa nacho, rimoti inayolingana inaweza kusajiliwa bila kugusa waya hata mmoja, na hilo ni bora kuliko seti yoyote ya dukani. Usinunue rimoti ya kubahatisha kwa ajili hiyo, kwa sababu magari ya soko la Japani hutumia mawimbi tofauti na yale ya rimoti nyingi zinazouzwa hapa, na rimoti isiyolingana haitasikika hata ikisajiliwa na fundi hodari.

Kuna pia seti za aina nyingine, zinazofungua mlango kwa kuwa karibu tu na kuwasha injini kwa kitufe. Hizo sikushauri kuziweka mwenyewe. Zinaingia kwenye nyaya nene za kuwashia injini, na nyingine huwalazimu mafundi kuondoa kufuli la usukani au kuacha ufunguo wenye chipu umefichwa ndani ya gari ili injini ikubali kuwaka. Kufuli hilo lisiposhughulikiwa vizuri, usukani unaweza kujifunga gari likiwa kwenye mwendo, na hiyo ni hatari kwa maisha, na ufunguo uliofichwa nyuma ya dashibodi ni zawadi kwa mwizi.

Mpe fundi umeme wa magari kazi hii ikiwa vipimo vyako havifanani na chochote nilichoeleza. Ikiwa waya mmoja tu unabadilika kwa kufunga na kufungua, kwa viwango tofauti vya volti. Ikiwa fyuzi imekatika mara mbili. Ikiwa taa ya mfuko wa hewa imewaka kwenye dashibodi. Au ikiwa gari tayari lina alamu iliyowekwa na mtu mwingine, maana hapo unarithi makosa yake. Ukimpa, mwombe mambo mawili: akuonyeshe viungio kabla ya kurudisha paneli, na akuandikie kwenye karatasi kila waya wa seti umeungana na waya gani wa gari. Fundi makini hatakasirika kwa ombi hilo.

Ukifanya mwenyewe, siku ya kujaribu shusha kioo cha dereva hadi chini, weka ufunguo wa chuma mfukoni mwako, na ndipo urudishe betri. Jaribu kufunga na kufungua mara kumi ukiwa umesimama nje, kisha jaribu ufunguo wa mlangoni na swichi ya ndani, uone kama bado vinafanya kazi kama zamani. Fungua kwa rimoti, fungua mlango na uufunge tena, subiri dakika moja, uone kama gari litajifunga. Likijifunga, waya wa pini ya mlango haujaungana vizuri. Fanya hivyo hivyo kwa milango yote minne. Pandisha kioo baada ya hayo yote kukubali, na ufunguo wa akiba ukae nyumbani kwa mtu unayemwamini, kwa sababu betri ndogo ya rimoti huisha bila kuaga. Na ukikwama kwenye vipimo, niandikie usomaji wa volti wa kila waya unaoutilia shaka katika hali tatu, yaani ufunguo ukiwa katikati, upande wa kufunga na upande wa kufungua, nami nitakueleza ni mchoro upi kati ya ile mitatu.